Taa Zako Zinaingia Maji

Mpendwa Baba Neema,

Hilo neno la kwanza nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Liache hapo, ni desturi ya barua tu, usije ukalitembeza Sengerema nzima. Huku Mabatini sisi ni wazima. Neema yuko bweni Misungwi, na kila likizo anarudi amezidi kurefuka, sasa ananipita kichwa. Salamu zangu ni chache kwa sababu nina wivu, na mtu mwenye wivu akimwaga salamu nyingi ujue anaficha kitu. Mimi leo sifichi. Hata bahasha sijaifunga, mkeo akitaka kusoma asome.

Juma lililopita ililetwa karakana pikapu ya mzee mmoja wa huko kwenu, yule anayenunua ng'ombe minadani. Juu ya kabini ilikuwa na taa moja ndefu ya LED, na kwenye bampa mbili za mraba. Sikuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Unavyoikata alumini ya fremu za madirisha kutengenezea maboksi ya taa, unavyoipiga tupa ile kona mpaka haikwaruzi kidole, naijua kama ninavyoijua sauti yako. Zile mbili za mraba zilikuwa na ukungu ndani ya kioo. Ile ndefu ilikuwa na maji kabisa, ukiitikisa yanacheza.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Taa hizi umetengenezewa wapi?" Nikauliza kama sijui.

"Marahaba. Ng'ambo kule, kwa fundi mmoja na mkewe. Yule mama ana mkono, aisee! Anaunga waya kama anashona."

Nikafungua skrubu. Nilikuwa naomba Mungu nikute uchafu humo ndani, nikute waya zimesokotwa ovyo, nikute kitu cha kucheka. Nikakuta vitone vya solda vidogo, vinang'aa, vyote vya ukubwa mmoja, na waya mwekundu na mweusi zimelala sambamba. Za kwangu hazijawahi kutoka hivyo. Wewe mwenyewe uliziita mikia ya panya. Nilisimama na ile taa mkononi, roho inaniuma, mpaka mzee akaniuliza kama naumwa.

Nikwambie ukweli. Ulipovuka ziwa kwenda kufunga taa za wafanyabiashara wa ng'ombe ukaamua kubaki na binti wa mwenye fremu ya duka uliyopanga, majirani walikuja kunipa pole kwa sababu ya kitanda. Niliumia, siwezi kusema uongo, ila hilo lilipoa. Kisichopoa ni meza ya kazi. Nikiwaza kwamba kuna mwanamke amekaa upande wangu wa meza, ameshika solda, wewe umemshikia kile kibao cha chipu za taa kisicheze, mmeinamisha vichwa hadi vinakaribia kugongana, hapo nachanganyikiwa. Nasikia huko wanakuita Baba Kelvin. Hata jina umepewa jingine, na mimi hili la zamani bado nalitumia kama nguo niliyoachiwa niifue.

Unaikumbuka seti yetu ya kwanza? Tulikuwa hatujui lolote. Ukanunua chipu za zile taa za wavuvi wa dagaa, kisa ndizo kali kuliko zote, nami nikaziunga, tukazifunga kwenye gari la yule mwalimu wa Igombe. Magharibi tukaenda naye ufukweni kuzijaribu. Kuziwasha tu, vijidudu vya ziwani vikashuka kama vimepigiwa kengele ya chakula. Kioo cha mbele hakionekani, puani vimo, mdomoni vimo. Mwalimu akapiga kelele, "Zimeni! Zimeni! Mmenifanya mtumbwi!" Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye mchanga. Nani mwingine angechukua taa ya kuvutia dagaa, akaifunga kwenye gari, halafu akaipeleka ziwani? Kesho yake ukaja na chipu za njano, ambazo wadudu hawazifuati sana, na tangu hapo taa zetu zikawa za njano. Kicheko kile nilidhani ni mali ya watu wawili tu. Sasa najiuliza kama umeshamsimulia, na kama naye alicheka, na kama alicheka kuliko mimi.

Seti zilizofuata zikaanza kuingia maji. Ukasema dawa ni silikoni. Ukaipaka pande zote, ukaipaka juu ya silikoni nyingine, ukawa unagonga kioo mbele ya wateja: "Hii hata pumzi ya samaki haipiti!" Na kweli, baada ya muda taa zetu zikawa kavu, mvua inyeshe isinyeshe. Sifa zikaenda kwa silikoni yako, na kwako. Madereva wa mbali walikuja wakimuuliza fundi wa silikoni, wakinipita mimi mlangoni.

Haikuwa silikoni, Baba Neema.

Nililigundua jikoni. Nilikuwa nimefunika hotpoti ya wali ukiwa wa moto sana, uliporudi kula kifuniko kikakataa kufunguka, kimenyonywa kwa ndani. Nikajua kinachotupata. Taa ikiwaka inapata joto, hewa ya ndani inatanuka inatoka. Mvua ikiipiga inapoa ghafla, inataka kuvuta hewa, na wewe umeziba kila mahali, kwa hiyo inavuta maji kupitia kwenye waya. Taa ilikuwa inatafuta pa kupumulia tu. Basi kila ulipomaliza kupaka ukaenda kunawa mikono, mimi nilichukua drili nikatoboa tundu moja chini, nikabandika kitambaa juu yake. Cheusi juu ya cheusi, hukuwahi kuuliza ni nini. Miaka tisa, taa baada ya taa.

Kwa nini sikukwambia? Mwanzoni nilikuonea huruma, ulikuwa unaifurahia mno silikoni yako. Baadaye nilitaka uone mwenyewe. Nilitaka siku moja uigeuze taa, ukigusa kile kitambaa, useme, "Mama Neema, hili ni wewe?" Hukuigeuza. Ukaondoka hujaigeuza.

Kwa hiyo gari la kwanza lilipovuka na kivuko likiwa na taa zako zenye ukungu, nilifurahi kuliko siku ya Krismasi. Nikatoboa, nikabandika, nikamwambia dereva, "Taa za ng'ambo ndivyo zilivyo." Gari la pili nikasema vile vile. La tatu nikaongeza chumvi, nikasema fundi yule siku hizi ana mambo mengi kichwani. Moyoni nikajisemea mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe hujainama. Acha zijae maji zote. Acha wateja waseme. Acha huyo mwenye mkono wa kushona aone kama kushona kunatosha.

Gari la nne ndilo hili la mzee. Nikaanza na yeye ile kauli yangu ya taa za ng'ambo. Akanitazama akashangaa.

"Mbona fundi mwenyewe ndiye kanituma? Kasema, 'Peleka Mabatini kwa Mama Neema. Sijui huwa anazifanyaje, ila zikipita mikononi mwake maji hayaingii.' Hata wale wenzangu watatu aliwatuma yeye."

Nilikasirika, Baba Neema. Kumbe nilipodhani nakuibia wateja, wewe unanigawia! Umejua siku zote kwamba kuna kitu nafanya, ukanyamaza ukaacha watu wasifu silikoni. Kisha likanijia jambo baya zaidi ya hasira. Nilifurahi. Nikataka kumuuliza mzee, je, fundi alilitaja jina langu mkewe akiwepo? Yule mama alikuwa amesimama wapi? Uso wake ulikuwaje? Mtu mzima mimi, ninasubiri kuambiwa kwamba mwanamke mwenzangu naye ameonja ninachokionja. Niliona haya, nikajifanya natafuta bisibisi.

Tukiwa tunangoja gundi ikauke, mzee akanisimulia kilichomleta. Ile taa ndefu ilizimika katikati ya mvua ya alfajiri, njia ya Buchosa, kundi la ng'ombe likiwa linavuka. Aliingiza gari mtaroni. Mkewe alikuwa kiti cha mbele, sasa bega lake limefungwa na hawezi kuinua sufuria. Nikawaza zile taa zako nyingine ambazo hazijavuka kuja kwangu, ziko barabarani, kila moja na ukungu wake. Wivu wangu ulikuwa umeketi humo ndani pamoja na hayo maji, na mwanamke asiyenijua ndiye aliyeumia.

Sasa chukua kalamu. Au mpe mkeo achukue, maana maelekezo yangu wewe hukuwahi kuyasikiliza mpaka mwisho. Tundu moja, la milimita tatu, sehemu ya chini kabisa, mbali na mahali waya unapoingia. Lisiwe mbele kwenye upepo. Kitambaa nenda soko la Mlango Mmoja kwenye mitumba, utafute jaketi la wapanda milima, lile linalotoa jasho lakini mvua haliruhusu. Usichukue koti la mvua la kawaida, lile halipumui. Kata kipande kama kucha ya dole gumba, paka gundi pembeni tu, katikati paache wazi. Mwache atoboe yeye. Mkono wake umetulia kuliko wangu. Nimeliandika hilo kwa kalamu yangu mwenyewe, na bado naishika.

Wale wote uliowafungia, waite uwatobolee, usingoje wakuletee.

Najua ninachokitoa. Kila gari la huko likija, kabla sijafungua skrubu huwa nauliza, "Fundi mzima?" Naambiwa umekonda, umenunua drili mpya, unakohoa vumbi la alumini, Kelvin ameanza kutembea. Nakasirika siku nzima, halafu nasubiri gari jingine. Ukishajua kutoboa, magari hayatakuwa na sababu ya kuvuka, na mimi sitakuwa na wa kumuuliza. Barua hii nimekaa nayo siku sita kwa ajili hiyo, wala si kwa kukosa muda.

Mzee amepita tena leo akirudi kwenu, nampa akuletee. Funika pua na kitambaa unapopiga tupa, hilo nilikuwa nalisema tangu zamani. Magari yakiacha kuja nitajua umesoma na umetoboa, nami nitashukuru. Na likija hata moja tu, Mungu anisamehe, najua nitakavyolipokea.

Mama Neema