Kivumbasha cha Mlangoni

Leningrad, 9 Julai 1974

Shikamoo, mama yangu. Mimi mzima, ila mbu wa huku hawana haya, wanatufuata mpaka ghorofa ya tano! Nilipochoma kile kivumbasha kikavu ulichonifungia kwenye kanga, mbu walikimbia, lakini bibi jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Sasa kila jioni anagonga kuomba majani.

Kaka Hasani kaniandikia kwamba mmehamishiwa kijiji kipya, nyumba yetu imevunjwa, na kivumbasha cha mlangoni kimeng'olewa. Na wewe unanieleza habari za kuku tu! Nimelia, mama.

Lakini mbegu zilizobaki kwenye kanga nilizipanda kwenye kopo, dirishani. Leo zimeota. Acha nafasi kando ya mlango mpya, nitarudi nacho.

Mwanao,
Kidawa