Sisi ni Mzigo Mmoja

Uani kwa Mama Moza,
Karibu na Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Agosti 2024.

Mpendwa mke wangu mdogo Clotilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo huko Winnipeg? Baridi imekuachia masikio yote mawili? Na wale wazee wa Kizungu unaowaogesha hawajambo? Wasalimie, uwaambie yupo mwenzao huku Bongo ambaye bado anajiogesha mwenyewe, siku akipenda.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linalia nikipanda ngazi, nami sipandi ngazi, kwa hiyo tumepatana. Bibi yako naye hajambo. Jicho alilopasuliwa limefunguliwa bandeji wiki iliyopita, na kitu cha kwanza alichokiona ni shati langu. Akaniuliza nimelivaa tangu lini. Basi tukajua daktari amefanya kazi nzuri.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi zama hizi. Ningeweza kusema kwenye lile kundi lenu la simu, lakini kule nikianza tu kusema, mjomba wako Beno anatuma kidole gumba, mama yako anatuma viganja vya kusali, wewe unatuma ua, na neno langu linazikwa likiwa hai. Barua haina kidole gumba. Utaisoma hadi mwisho.

Niingie kwenye shauri. Mlikaa mkatugawana. Bibi, kwa ajili ya jicho, atahamia kwa mama yako Upanga, karibu na hospitali. Babu, kwa kuwa hana kazi na ana maneno mengi, atapelekwa Songea kwa Beno akapumzike. Na safari ikapata kisingizio kizuri, mtoto wa Beno anapokea komunio ya kwanza. Ukatukatia ndege, Mungu akubariki. Tiketi ya bibi yako ikawa ya kwenda na kurudi, yangu ya kwenda tu. Mama yako Winifrida alinieleza taratibu, kama mtu anayembembeleza kuku aingie tengani. Nikanyamaza. Ninyi mnadhani mtu akinyamaza amekubali. Mimi nilikuwa natafuna.

Sasa sikiliza yaliyotupata uwanja wa ndege, maana jibu langu limo humo.

Ndege yenyewe ni ndogo. Upande mmoja viti vimekaa viwili viwili, upande wa pili kimoja kimoja, na ukipiga chafya nyuma rubani anageuka. Kabla ya kupanda walitupima, na si mabegi tu, hata watu. Kila mmoja alipanda mizani akasomwa kama gunia la korosho. Mizani ya Kariakoo naijua tabia yake, huwa inamwonea huruma muuzaji. Hii ya uwanjani haimwonei huruma mtu. Nilipopanda mimi, mshale ulitikisika kidogo, kwa adabu tu. Akapanda bibi yako nikiwa nimemshika mkono, maana jicho moja lilikuwa chini ya bandeji, na lile jingine unajua lilizimika zamani. Mshale ukaenda. Binti wa mizani, kifuani ameandikwa Husna, akazitaja kilo kwa sauti.

Nikamwambia asome polepole, huo unene una jasho langu, nimesukuma mkokoteni nusu ya umri wangu kuutafuta. Bibi yako akasema, "Mwache asome, Pantaleo. Watu wajue kwamba nilikula."

Lazima ujue alichoniomba asubuhi ile. Miaka yote tumeishi mji huu, hajawahi kuuona kutoka juu. Na siku ya kuuona ndiyo imemkuta hana jicho. Akaniambia nimweleze mimi. Nimwambie Kariakoo ikoje kwa juu, Kivukoni ikoje, na huko Upanga mnakotaka kumweka. Nikamwahidi. Mimi pia nilikuwa sijawahi kupanda ndege, lakini sikuogopa. Nimesema sikuogopa.

Tukakaa nyuma kabisa, bibi yako dirishani, mimi pembeni yake. Mara Husna akaingiza kichwa mlangoni. Mkia umezidiwa uzito, akasema, ndege haiwezi kuruka hivi. Bibi asogee mbele, kile kiti cha peke yake nyuma ya rubani. Aliyekaa pale aje huku nyuma, akae na babu.

Nikwambie kweli, nilijua binti hasemi uongo. Mkokoteni ukiujaza nyuma, mishikio inanyanyuka na wewe unabaki unaning'inia hewani kama shati kwenye kamba. Yalishanipata Mtaa wa Mkunguni, wauza ndizi wakacheka mpaka wakasahau ndizi. Kwa hiyo na uzito sikuwa na ugomvi. Ugomvi wangu ulikuwa na kugawanywa.

Nikamwambia, "Sisi ni mzigo mmoja, mama. Ukitupeleka mbele, tunaenda mbele. Ukitushusha, tunashuka. Kututenganisha, hapana."

Husna akanisihi, eti babu, ni saa mbili tu. Nikamjibu kwamba ameshaniita babu, na mjukuu hamwamrishi babu yake, humtania tu.

"Basi nakutania," akasema. "Babu usipompisha bibi apite, tutakuacha."

"Na mimi nakutania," nikasema. "Mkanda umeshanifunga, na sijui unavyofunguliwa."

Abiria wakacheka, isipokuwa mmoja. Huyo alikaa mbele, upande wa viti viwili, na mkewe. Anaitwa Godbless, mtu wa Kilimanjaro, anauza vitenge vya jumla mitaa hii hii yetu. Mwembamba kama ufagio wa chelewa, na mkewe Jacqueline ni vilevile. Husna si mjinga, alikuwa ameshawaona. Akaenda kusema na rubani, wakapiga hesabu zao, akarudi na jawabu. Wale wawili wembamba waje nyuma, sisi wawili twende mbele, ndege itakaa sawa.

Mimi nikaanza kukusanya kofia yangu. Godbless hakuinuka. Akasema yeye aliwahi, kiti alikichagua, na hawezi kusumbuliwa kwa ajili ya mapenzi ya wazee. Akanigeukia. "Mzee, kwani mkikaa mbalimbali saa mbili mtakufa?"

Nikamuuliza huyo aliye pembeni yake ni nani. Akasema ni mke wake. Nikamwambia vizuri, basi mkewe abaki hapo hapo mbele, yeye aje nyuma peke yake, tuone. Akasema hawezi, kuna mtu ndege inamtia hofu.

"Inamtia hofu nani?" nikauliza.

Akakaza mkanda wake. Jacqueline akatazama nje, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Tumeelewana," nikamwambia. "Na mimi ndiyo maana siachani na wangu."

Injini bado imezimwa, jua linachoma bati, watu wameanza kuguna. Mmoja akasema wazee washushwe, tuondoke. Na kweli wangetushusha, Clotilda. Husna alishatazama saa, na rubani alishavua miwani. Nikaona ahadi yangu inakwenda kuishia pale pale kwenye lami.

Ndipo bibi yako akasema, bila ukali, uso umeelekea kiti cha mbele alikodhani yupo Godbless. "Mwanangu, mimi leo sina macho. Macho yangu ni huyu. Ukiyaacha nyuma, mimi huko mbele nitaangalia na nini?"

Jacqueline akachukua pochi yake akasimama. "Inuka, Godbless. Hata huko nyuma nitakushika mkono."

Akainuka. Alipopita nilimpa pole ya mtu mzima, naye akaniambia, "Mzee, wewe una kiburi." Nikamshukuru. Hicho nacho nimekitolea jasho, ila mizani haikisomi.

Basi tukakaa mbele kama maharusi. Injini ikanguruma, kila kitu kikatetemeka mpaka meno yangu machache, na ardhi ikatuacha. Nikaanza kutimiza ahadi. Nikamwambia bibi yako ile pale Kariakoo, mapaa yamebanana hata mvua haijui pa kupita, watu wamemwagika barabarani kama mchele. Kule Kivukoni, pantoni linaelea kwenda Kigamboni kama sabuni kwenye beseni, na pale mnadani samaki wanang'aa. Na Upanga je, akauliza. Nikamwambia Upanga naiona vizuri sana, ghorofa yao ile pale, namwona mpaka Winifrida, anatandika kitanda cha mtu mmoja.

Bibi yako alisikiliza yote. Halafu akanisogelea sikioni.

"Pantaleo. Macho yangu mimi yamefungwa na daktari. Ya kwako yamefungwa na nani?"

Nikayafumbua.

Kariakoo haikuwapo, mke wangu mdogo. Kivukoni haikuwapo, wala Upanga. Mji tulishauacha kitambo. Chini kulikuwa na misitu ya upande wa Kisarawe, kijani tupu mpaka mwisho wa macho, na juu ya ile miti kivuli chetu kinakimbia. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Kwamba kuna miti, na kuna kivuli kimoja, kidogo, na sisi sote tumo ndani yake.

"Sasa unaona," akasema. "Endelea."

Nikaendelea mpaka Songea, sauti ikanikauka. Mkono wake sikuuachia, na wala yeye hakuniomba.

Komunio ilikwenda vizuri, mtoto alipendeza, tulikula. Beno akanionyesha chumba changu. Chumba kizuri, kina kitanda kimoja chembamba na dirisha linalotazama mihogo. Nikakishukuru, nikakitundikia kofia usiku mmoja, kesho yake nikaichukua. Tulirudi kwa basi, viti vya pamoja, bibi yako amelala begani kwangu mpaka bega likafa ganzi. Kile kiti chake cha ndege cha kurudia kiliruka kitupu. Rubani atakuwa amekisawazisha mwenyewe, ni kazi yake.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, ulisome kwa sauti kwenye hilo kundi lenu. Hospitali iko Upanga na sisi tuko Kariakoo, hapo ni bajaji moja tu, na bajaji ina nafasi ya wawili. Mama yako akitaka kutukaribisha, atafute kitanda kipana. Beno akitutaka, vivyo hivyo. Mkiona mzigo umewaelemea upande mmoja, semeni, tutasogea. Sisi si wabishi wa kusogea. Ila tunasogea wote.

Na huko kwako, kama mna mzee mmemlaza chumba hiki na mkewe mmemlaza chumba kile, usiku waogeshe upesi, kisha usahau kufunga mlango. Akikuuliza mkubwa wako, sema babu yako alikuroga.

Bibi yako anakusalimu, anasema sasa anaweza kuiona picha yako, na kwamba umekonda. Mama Moza wa hapa uani anakusalimu, na Nassibu wa genge pia, bado anakuulizia, nimemwambia umeshaolewa na mimi. Msalimie dada yako Fortunata na mumewe Anaeli. Mama yako usimsalimie, nitakwenda kumsalimia mwenyewe Jumapili, nikiwa na bibi yako mkononi.

Mungu akulinde na barafu, akupe mume mwenye kiburi cha kutosha, na asikukalishe kamwe mbali na umpendaye.

Wako akupendaye, hata anapokukatalia,

Babu yako Pantaleo.