Niambie Wazi Habari za Baba

Kwa kaka yangu Paulo, Bagara, Babati.

Shikamoo kaka. Natumaini wote hapo nyumbani mnaamka salama na mvua imewafikia. Huku Ulaya baridi imerudi. Mwili wangu ni mzima, ila moyo hautulii. Ile sabuni niliyotuma mmeipata? Nasikia madukani bado hakuna kitu.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Naandika maonyo ya kompyuta. Mtu akiipanga mashine vibaya, maneno yangu hutokea kwenye kioo kumwambia. Mwanzoni niliandika kwa adabu ya kwetu: "Samahani, huenda kuna tatizo dogo kwenye mpangilio." Msimamizi wangu, mama mmoja asiyejua kupindisha maneno, akanirudishia. "Tatizo gani? Umemwacha mtu gizani!" Sasa naandika: "Urefu wa karatasi umewekwa mistari 660. Mwisho ni 66. Mashine haitachapa mpaka urekebishe." Mtu akisoma anajua kosa liko wapi na afanye nini. Tena wala hachukii.

Kaka, barua zako zinanikumbusha ile samahani yangu. Mara "Baba anaumwa kidogo," mara "Baba hajambo kiasi, wewe fanya kazi." Najua kwetu aliye mbali haambiwi msiba kwa karatasi. Lakini safari hii umeandika kwamba asubuhi unakwenda Nangara kukata majani ya ng'ombe umevaa koti la Baba. Koti lile Baba hakumwazima mtu hata siku moja. Wewe mwenyewe ulichapwa kwa kuligusa tu! Niliposoma hapo nilikaa chini jikoni nikalia.

Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio nimeshakisikia. Usinionee huruma. Niandikie kama ninavyowaandikia wageni hawa nisiowajua: kuna nini, tangu lini, na mimi nifanye nini.

Nisalimie wifi yangu Mama Yosefu, na shangazi yetu wa Nakwa anayeniombea kila Jumapili. Mama mwambie sijambo. Habari ya kulia usimwambie.

Nilimnunulia Baba koti jipya, zito, lenye mfuko wa ndani kama alivyotaka. Liko hapa mezani, nimeshalifunga, bado jina tu juu ya kifurushi. Kaka, niandike jina la nani?

Mdogo wako anayekusubiri,
Martina