Breki Zilizonyamazishwa

Mama mpendwa,

Natumaini mmeamka salama huko nyumbani, na kwamba goti la Baba linamsumbua kidogo kuliko mwezi uliopita. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Kiwandani tunapakia sabuni tukiwa tumesimama kutwa, na nikifika chumbani kwangu Makongeni sina hata hamu ya kupika.

Mama, nina habari ya gari. Najua umeshawaalika akina mama wa kanisa waje Jumapili kuliombea. Usinikasirikie.

Gari lenyewe ni kuukuu, unajua. Lilianza kupiga kelele kila nikikanyaga breki, mpaka walaji nyama pale Soko la Burma wakawa wanageuka kunitazama. Nikaona aibu. Nikamwendea fundi mmoja wa kando ya barabara, nikamwambia sitaki kuingia kwetu gari likilia mbele ya mchungaji.

"Hiyo ni kelele tu, bosi," akasema. "Saa hii naimaliza."

Kweli ikaisha. Nilifurahi, nikalipeleka kuoshwa.

Jana jirani yangu Mutua, dereva wa lori, alisema tufungue magurudumu kabla sijasafiri. Akachungulia, akatikisa kichwa.

"Brathe, nani alikata hako kachuma?"

Kumbe kwenye pedi za breki kuna kichuma chembamba kilichowekwa makusudi kipige kelele pedi zikikaribia kuisha. Fundi alikikata, pedi akaziacha palepale. Zimebaki nyembamba kama ukucha.

"Na ungeshuka milima na hii?" Mutua akaniuliza.

Mama, niliogopa. Niliuona akilini ule mteremko wa kuingia kwetu, na watoto wa dada wakikimbia barabarani kunilaki kama kawaida yao. Pedi mpya zitangoja mshahara. Mimi nitakuja na basi. Najua majirani watacheka, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nisalimie Baba, dada yangu Nekesa na wanawe, na mjomba anayetuchungia ng'ombe. Mwambie mchungaji asivunje ibada. Kama hakuna gari la kuombea, amwombee yule fundi.

Nitashuka steji Jumamosi nikiwa na mfuko mmoja tu. Usimwite mtu wa kupiga vigelegele, Mama. Nipokee tu.

Mwanao,
Barasa