Kona ya Nyar Alego

Jumamosi, jioni. Joto la leo lilikosa adabu kabisa, kisha ikaja mvua ndogo ya kuchokoza tope na kwenda zake. Nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, simu iko juu ya goti, naandika kwa kidole kimoja.

Nimechoka.

Nimechoka na sijafanya kazi yoyote ya kuonekana, na hapo ndipo mume wangu haelewi. Ameniuliza, sasa umechoshwa na nini ikiwa watu wa mkutano wenyewe ndio walikuwa wakiongea? Nimemwambia aniletee chai.

Leo tulikuwa upande wa Ahero, kwenye kanisa moja karibu na shule ambayo uwanja wake bado umejaa mahema ya watu waliofukuzwa na mafuriko. Kazi yangu ni kuendesha mkutano usio na ajenda. Hata mimi nikiiandika hivyo naiona kama mzaha. Watu wanaalikwa, wanakaa kwa duara, na ukutani tunabandika karatasi kubwa isiyo na kitu. Mwenye jambo linalomsumbua anasimama analitaja, linaandikwa, kisha anachagua kona ya kanisa na kwenda kukaa hapo. Wanaolitaka jambo hilo wanabeba viti vyao na kumfuata. Ukiona kona uliyoingia haikufai, unabeba kiti unahamia nyingine na hakuna wa kukuuliza. Ila aliyeita kona haondoki mpaka kengele ilie, hata kama hakuja mtu.

Na mimi sikai kwenye kona yoyote. Nikikaa tu, jambo lile linageuka kuwa la ofisi yetu ya Kisumu, na watu wanaanza kusema yale wanayodhani ofisi inataka kuyasikia. Nimeliona hilo likitokea mpaka nimelichoka. Kwa hiyo nazunguka, nabeba birika la chai, nauma ulimi.

Tulianza vibaya. Asubuhi nilipanga viti kwa duara, nikatoka kutafuta kuni za kuchemshia chai. Kurudi nikakuta viti vimepangwa upya kwa mistari, na mbele pamewekwa meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Naibu wa chifu alikuwa ameshaketi pale mbele, na kando yake wameniwekea kiti changu, wenyewe kwa heshima zao. Nikaomba msamaha, nikaanza kupangua. Walinitazama kama mtu anayebomoa madhabahu.

Maombi yakawa marefu. Nikaeleza utaratibu kwa Kiswahili, Mama Rose, anayetupikia chai, akaeleza tena kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo wa pale, maana Dholuo changu cha Mmaragoli huwa kinawachekesha kuliko kuwaelimisha. Kisha kikaja kimya. Watu wote wale, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

Hicho kimya ndicho kinachonichosha. Kila kiungo changu kinataka kukijaza. Naanza kuona nyuso zikiniambia, huyu mwanamke ametuita hapa na hajui alichotuitia. Nilikuwa karibu kushindwa mzee mmoja alipoinua mkono. Akasema ajenda wameelewa kwamba haipo, basi twende moja kwa moja kwenye mengineyo, tufunge kwa maombi, tule. Watu walicheka, naibu wa chifu naye akacheka, na namshukuru yule mzee mpaka sasa. Baada ya hapo walianza kusimama. Mmoja akataja chakula cha msaada na jinsi kinavyogawanywa. Mwingine akataja mitaro ya mashamba ya mpunga iliyoziba. Kijana wa bodaboda akataka habari ya barabara. Wakachukua kona zao.

Halafu akasimama Nyar Alego.

Jina lake la ubatizo silijui. Anaitwa hivyo kwa sababu ni binti wa Alego, huko ndiko alikotoka alipokuja kuolewa hapa Kano, ndiko Ahero iliko, na hapa wanawake wengi wanaitwa kwa kwao. Alisimama vile watu wanavyosimama kuongea matangani: akataja kwao, akataja mume wake marehemu, akatusalimu kwa jina la Bwana, tukaitika. Kisha akasema, "Nataka kujenga. Kule juu, karibu na barabara. Nimechoka na hema. Anayetaka kufikiri na mimi, nitakuwa kona ya ngoma."

Akabeba kiti chake mpaka pale kanisa linapoweka ngoma zake, na kando yake akapanga viti vingine vya watakaokuja.

Hakuja mtu.

Mimi sikuelewa. Nilidhani ni aibu ya mwanzo tu. Mama Rose ndiye aliyenivuta nyuma ya mlango na kunieleza, huku akifuta vikombe. Mume wa Nyar Alego alikufa kabla ya mafuriko na akazikwa nyumbani kwake, ndani ya boma, kama inavyotakiwa. Kisha maji yakaja, nyumba ikaanguka, na kaburi hadi leo liko chini ya maji. Sasa kwa Wajaluo, boma jipya halianzishwi kwa misumari na mabati tu. Lazima mwanamume wa ukoo atangulie na jogoo, alale naye pale, jogoo awike alfajiri, ndipo pawe nyumbani. Mume hayupo. Mtoto wa kiume bado yuko chekechea. Aliyebaki ni shemeji, kaka wa marehemu, Bwana Owino, na Owino amekataa tangu maji yaingie. Anasema hawezi kumwacha ndugu yake peke yake ndani ya maji halafu watu waende kuanza maisha mengine barabarani kama hakuwahi kuwako.

Nikamwuliza, huyo Owino ni yupi? Akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa amekaa kona ya mitaro, mkabala na ngoma, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, kofia iko gotini.

Basi nikaelewa. Kubeba kiti kwenda kona ile kulikuwa ni kumpinga Owino mbele ya macho yake, na watu hawa wanaishi pamoja, wanazikana. Mimi na karatasi yangu ukutani tungerudi Kisumu jioni.

Kilichoniumiza zaidi ni vile viti. Kona ya chakula ilijaa mpaka waliochelewa kufika wakasimama, na viti vya ziada vilikuwa kwa Nyar Alego tu. Mama mmoja akaja kwa adabu kabisa, akauliza kama kile kina mtu. Nyar Alego akatikisa kichwa. Kikachukuliwa. Akaja mwingine. Vikaenda kimoja baada ya kingine mpaka akabaki na kile alichokalia, mikono mapajani, anatazama mbele kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini.

Nilitaka kwenda kukaa naye. Haki ya Mungu nilitaka. Niliwakasirikia wote, nikamkasirikia Owino na shati lake, nikaikasirikia na kazi yangu. Nikapata kisingizio cha chai. Nikamjazia kikombe, nikampelekea na mandazi.

Akapokea kwa mikono miwili. Akauliza polepole, kwa Kiswahili ili Mama Rose asilazimike kuja, "Mwalimu, na wewe huwezi kukaa?"

"Siwezi, mama. Nikikaa itakuwa ni yangu."

Akaniangalia kidogo. "Sawa," akasema, akanywa chai.

Jibu langu lilikuwa sahihi. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi mwenyewe nimewafundisha wengine hivyo hivyo. Lakini nilirudi kwenye birika nikiwa na uzito kifuani, na hata sasa maji ya chumvi hayausaidii.

Kengele ya pale ni ringi ya gari inayoning'inia mtini. Ilipogongwa watu wakarudi kwenye duara, kila kona ikaleta habari yake. Kona ya chakula ilisema kwa kirefu na kumalizia kwamba wameunda kamati. Kona ya mitaro nayo ikaunda kamati. Ya barabara ilitaka naibu wa chifu apeleke ujumbe, akakubali. Nilikuwa nimeshaamua kumruka Nyar Alego, nifunge haraka, nimwondolee aibu. Sijui kama nilikuwa namhurumia yeye au najihurumia mimi.

Akasimama kabla sijafungua mdomo.

"Kikundi chetu kilikuwa na mtu mmoja," akasema. "Tumejadiliana vizuri, hakuna aliyemkatiza mwenzake. Tumekubaliana wote kwamba Jumatatu tunachimba mashimo ya nguzo."

Mtu akacheka, kisha kanisa zima, kicheko cha kweli, mpaka yule mzee wa mengineyo akapiga goti lake kwa kiganja. Nyar Alego hakucheka. Akangoja wamalize. Akasema alimlilia mume wake kaburi likiwa bado nchi kavu, na alimlilia vizuri, kila mtu aliyekuwapo anajua. Lakini hawezi kukaa kwenye hema na watoto akingoja maji yamrudishie kaburi. Na kama boma litakosa jogoo, basi litakosa, watoto watalala ndani hivyo hivyo na Mungu ataangalia. Akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Owino alikuwa anaizungusha kofia yake gotini, anaizungusha tu.

Nikafunga mkutano. Mtu akaomba, maombi mafupi safari hii. Watu wakala wali na maharagwe, wakaanza kutawanyika, maana mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa ziwa. Mimi nikapanda kwenye benchi kubandua karatasi yangu ukutani. Chini yangu Nyar Alego alikuwa anapangilia viti, kimoja juu ya kingine, na nilipogeuka nikamwona Owino naye ameshika viti, anavipanga kwenye rundo lilelile. Niliogopa. Nilidhani anasubiri watu waishe amwambie maneno makali.

Akamwuliza kwa Dholuo, bila kumtazama. Maneno yenyewe nayajua kwa sababu ya kununua kuku sokoni.

"Una jogoo?"

Akamjibu kwamba hana, kuku wake wote walikwenda na maji.

Owino akaweka kiti kingine juu ya rundo. Akakisukuma kikae sawa. "Kwangu kuna mmoja ananinyima usingizi," akasema. "Nitakuja naye Jumatatu."

Akavaa kofia, akatoka, akachukua baiskeli yake, akaenda.

Nyar Alego alibaki ameshika kiti kimoja mkononi. Mama Rose aliyekuwa anaosha sufuria mlangoni akajifunika uso kwa leso, na mimi juu ya benchi nikaanza kukunja karatasi vibaya, naikunja na kuikunjua, nikiogopa kushuka. Niliposhuka Nyar Alego aliniambia safari njema tu, na nikamwambia asante.

Sasa niko hapa na miguu yangu, na swali haliniachi. Kama ningekaa naye, je, Owino angeuliza habari ya jogoo? Labda angeona ofisi imemchukulia shemeji yake, akaenda nyumbani na hasira zake, na boma lile likaanza na ugomvi. Labda. Nataka sana kuamini hivyo, na kwa sababu nataka sana, siamini vizuri. Yule mama aliketi peke yake kitako kizima, mbele ya watu anaowajua wote, viti vinaondolewa ubavuni mwake, na aliyemwita aje aseme lolote linalomsumbua ni mimi. Inawezekana nilikuwa sahihi na bado nikawa nimemwacha.

Mkubwa wangu ameshatuma ujumbe anataka picha na idadi ya kona. Nitampa. Kwenye kona ya ngoma nitaandika mtu mmoja, na asipoelewa, shauri yake.

Maji yamepoa kwenye beseni. Mume wangu ameleta chai hatimaye, imejaa sukari, hajui kipimo. Nimemwambia Jumatatu sitaenda ofisini, nitaomba ruhusa. Ameniuliza kama kuna mkutano mwingine Ahero. Nimemwambia hapana, mtu anajenga. Nitaenda bila kalamu na bila karatasi, niombe jembe, na wakipumzika kunywa uji, nitatafuta kiti nikae.