Rangi Nyekundu Shinani

Keza, Ngara

Kwako kaka Mashimba,

Shikamoo kaka. Habari za Biharamulo, za baba mdogo Shibuda na za ng'ombe? Huku tunaendelea. Mgongo wa mama umepoa. Ndama amesimama, ingawa baba anasema ana miguu ya mbuzi. Simu ya mama inasikika nyumba nzima, ndiyo maana naandika.

Unaukumbuka ule mti mdogo kando ya kijito, chini ya shamba letu, ambao maua yake hutoka kwenye shina lenyewe? Mwalimu Speciosa, anayetufundisha sayansi, alikuja darasani na mtaalamu wa mimea, akauliza nani anakijua kijito. Nilinyoosha mkono. Niliwapeleka mwenyewe.

Mtaalamu alipouona aliketi chini kama mtu aliyechoka. Alisema kwingine walikotafuta wamekuta mashamba, matanuru ya mkaa na visiki, na huenda huu ndio wa mwisho unaozaa. Akaupaka rangi nyekundu shinani, ili wenzake wauone wakija kuchukua mbegu zikishakomaa. Nilirudi nyumbani naimba.

Baba aliiona rangi alipokwenda kunywesha ng'ombe. Akauliza nani kapaka, nami nikamweleza yote. Akasema hata nyumba yetu ya kule tulikotolewa ilianza kupakwa rangi kabla ya kubomolewa, na waliopaka walikuwa wapole vilevile, walikunywa na maziwa yetu. Nikamwambia ile ilikuwa alama ya X, hii ni duara. Akacheka, akasema kumbe shuleni siku hizi wanasomesha rangi. Mama akaniambia ninyamaze.

Kesho yake mti haukuwepo. Mtaalamu aliporudi na wenzake, Mwalimu aliniuliza mbele yao kama namjua aliyeukata. Nilisema simjui. Akaniomba radhi kwa kuniuliza.

Wewe peke yako nakwambia: ni baba. Jioni ya siku mti ulipotoweka mama alipika maharage kwa kuni mbichi, na moshi wake ulinuka rangi. Baba alikula akitazama chini. Na mimi nilikula, nikaosha vyombo. Sijalia mpaka leo. Nakwenda shule, narudi. Nikimtaja watamchukua, na hapo tutahama kweli.

Kaka, wewe unachunga kando ya vijito vya huko. Tazama mashina, usitazame matawi. Maua ni meupe, madogo, na jani linang'aa kama limepakwa samli. Ukiuona mwingine kama ule, wazuie ng'ombe wasiukanyage. Usifunge kitambaa, usikwangue gome, usiweke alama yoyote. Kumbuka tu mahali, kisha uniandikie. Safari hii nitaanza kwa kumweleza baba.

Mama anakusalimu, anasema uvae lile koti asubuhi. Baba naye anakusalimu. Anauliza kama huko mvua zimeshika.

Mdogo wako,
Nyamizi Ndassa