Mkungu wa Yona

Mpendwa Asimwe,

Hapa Kagondo hatujambo. Bibi yako amepona mafua na amerudi kunigombeza, kwa hiyo nyumba ni nzima. Mimi tangu nistaafu kazi ya kiwanda cha kahawa bado naamka mapema kusubiri king'ora.

Umeniuliza kama vitani niliwahi kufanya tendo la kishujaa. Nilifanya moja. Kikosini nilikuwa na rafiki, Yona, Mgogo wa Dodoma. Aliona ninavyokonda kwa ugali, maana Mhaya bila ebitoke, ndizi zetu za kupika, hajala. Asubuhi moja akatoweka, akarudi jasho likimtiririka, mkungu wa ndizi begani, akanipikia mwenyewe. Masikini, hakujua kuwa zile ni ndizi za kutengenezea pombe yetu ya rubisi, chungu kama kwinini! Akachuchumaa mbele yangu, akinitazama mdomoni kama mama mzazi.

Nilimaliza sufuria nzima. Nikamwambia hata mama yangu kule Muleba hapiki hivi, na hapo sikudanganya.

Yona machozi yakamlenga kwa furaha. Akachukua panga. "Kumbe umezipenda! Ngoja nikuletee mkungu mwingine."

Mjukuu wangu, na huo nikaula.

Babu yako